Nilivyousoma Mwamba wa Bahari ya Kale Nikipanda Milima ya Guadalupe

Nilikulia Mombasa katika nyumba iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe. Kila lipu ilipobanduka, ukutani kulionekana vinyota na mifereji iliyopindapinda, nami nikakua nikiamini kwamba naujua mwamba wa bahari. Kwa hiyo nilipofika mara ya kwanza katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Guadalupe, magharibi mwa jimbo la Texas, nilipanda njia iitwayo Permian Reef Trail nikivitafuta vinyota hivyo. Sikuviona, na jioni nilishuka nikiwa nimeona mawe ya kijivu tu.

Kosa langu lilikuwa kutafuta matumbawe. Mwamba wa Capitan, ambao ndio uti wa mgongo wa milima hiyo, ulijengwa miaka ipatayo milioni 260 iliyopita, na wajenzi wake wakuu walikuwa sifongo na mwani, pamoja na chokaa iliyoganda humohumo baharini na kuwagandamanisha. Baadaye bahari hiyo ilizibwa njia yake ya kuungana na bahari kuu, ikakauka, ikaacha jasi na chumvi zilizoufukia mwamba. Muda mrefu mno ukapita kabla ardhi haijainuka na mmomonyoko kuiondoa jasi hiyo laini, mwamba ukabaki umesimama katikati ya jangwa.

Mara ya pili nilikwenda nimejiandaa. Nilibeba lenzi ya kukuza mara 10, kijitabu cha jiolojia ambacho namba zake zinalingana na alama zilizowekwa njiani, na lita 4 za maji, kwa sababu njia yote, kwenda na kurudi kilomita 13.5 hivi, haina maji. Jambo lililonisaidia zaidi, hata hivyo, ni kuibadilisha namna ya kuifikiria safari yenyewe: njia inaanzia chini ya mteremko uliokuwa ndani ya bahari na kupanda takriban mita 610, hivyo anayepanda anatoka kwenye kina kuelekea maji mafupi.

Katika sehemu ya chini nilipiga magoti mbele ya jiwe moja la chokaa, nikalidondoshea maji kidogo na kulisogezea lenzi hadi pua ikakaribia kuligusa. Jiwe lililolowa liligeuka rangi, na ndani yake zikajitokeza punje nyingi kama za mchele, kila moja ikiwa na vyumba vidogo vidogo vilivyozungushwa kama mkeka uliokunjwa. Hao ni fusulinidi, viumbe wa seli moja waliotoweka kabisa mwishoni mwa Permi, kipindi cha historia ya dunia ambamo mwamba huu ulijengwa. Nilikaa hapo karibu nusu saa, na sijutii hata dakika moja.

Kutoka hapo mteremko ni wa vipande vya mwamba vilivyoporomoka kutoka juu na kuganda upya, nami niliupita haraka kwa kuwa jua lilikuwa limeshakuwa kali. Kwenye mwamba wenyewe nililazimika kupunguza mwendo, kwa maana tabaka hazionekani tena. Jiwe ni pande moja kubwa, na sifongo wamo ndani yake wakionekana kama vidole vilivyokatwa, wamezungukwa na utando wa chokaa uliowafunika tabaka juu ya tabaka. Anayetembea bila kusimama hawezi kuwaona. Nilitamani kuchukua kipande kimoja nikampelekee mama, lakini sheria ya hifadhi inakataza kuokota jiwe lolote, na nadhani ni haki kabisa.

Karibu na kilele cha njia tabaka zilirudi, zikiwa zimelala karibu sawasawa, na ndani yake mlikuwa na chembe za mviringo zenye ukubwa wa dengu, zilizojijenga ganda kwa ganda mahali ambapo bahari ilikuwa fupi mno na wakati mwingine ilikupwa. Nilizidondoshea maji ya mwisho niliyokuwa nimeyatenga kwa kazi hiyo, nikazihesabu ganda zake, kisha nikageuka kuangalia tambarare ya jangwa iliyo chini sana, ambako ndiko kilipokuwa kilindi cha bahari.