Kumbukumbu ya mradi: paa la mama kabla kusi haijaingia

Februari, wiki ya pili. Jua la kuchoma, kaskazi inavuma kwa upole, na mimi niko juu ya paa hapa Likoni nagonga bati moja moja nisikie msumari upi umelegea. Majirani washanicheka wakachoka. Mvua yenyewe iko wapi? Lakini ikishaanza kunyesha hupati fundi, na ukimpata bei yake si ya kuongea.

Kilichonitia wazimu huu ni Mei 2024. Kile kimbunga cha Hidaya kilipokuwa kinakuja serikali ikatoa onyo pwani yote, mama akatia vyeti na hati ya shamba kwenye mfuko wa plastiki, mfuko akautia ndani ya ndoo, ndoo akaifunika, tukakaa macho. Hidaya ikaingilia Mafia kule Tanzania tarehe 4 ikiwa ishapungua nguvu, sisi hatukupata cha kutisha. Ila baadaye mwezi huohuo kimbunga kingine, Ialy, ikapita mbali huko baharini, wala haikufika kwetu, lakini upepo wake ukainua bati la pembeni na likapiga papapapa usiku kucha. Asubuhi mama akanambia, "Mwanangu, hili paa ama ulitengeneze ama nihamie kwako." Kwangu ni chumba kimoja Kisauni, kwa hivo.

Nilisoma kidogo nikaelewa kwa nini hapa vimbunga vyenyewe ni nadra. Kimbunga kinahitaji mzunguko wa dunia ndio kijisokote, na karibu na ikweta ile nguvu ya kukisokota ni ndogo sana, na Mombasa tuko kama digrii 4 tu kusini. Kwa hivo sijengi ngome hapa. Najitayarisha na mkia wa kimbunga, na kusi ya kila mwaka, na masika. Hao ndio wageni wetu.

Sasa paa. Upande wa kusini nimehesabu misumari 62 ya ukingoni, 19 nimeing'oa kwa vidole bila nyundo. Vidole jamani! Chumvi ya bahari imekula vichwa, bati lenyewe bado zima lakini halishikwi na kitu. Halafu upepo haulisukumi paa kwenda chini kama nilivodhani, unapita juu na kulivuta juu, na pale ukingoni na kwenye pembe ndio mvuto mkubwa. Yaani sehemu iliyooza ndiyo hiyohiyo inayovutwa zaidi.

Kubwa zaidi aliligundua mzee jirani, baharia wa zamani, alikuwa amesimama tu chini na kahawa yake. "Kijana, nani alikuezekea hivi? Mdomo wa bati umetazama kusi." Nikashuka nikasimama pale alipo nikaona. Mabati yanalaliana, na ule ukingo wa juu unatakiwa uupe mgongo upepo wa mvua. Fundi wetu wa zamani aliezeka Januari, upepo ukitoka kaskazini, akapanga kwa upepo wa siku ile. Miaka yote hiyo kusi imekuwa ikisukuma maji ndani ya maungio na sisi tunalaumu misumari. Misumari nayo ameipiga kwenye bonde la bati badala ya mgongoni, yaani penye maji yanapita ndipo ametoboa.

Machi. Nikajaribu kwanza ujanja wa rahisi, nikaziba matundu kwa lami. Usijaribu. Jua la saa nane likaiyeyusha ikatiririka hadi kwenye ukuta aliopaka mama chokaa juzi kwa ajili ya Idi. Siku mbili sikusemeshwa, chakula nawekewa tu.

Basi tukakubali kufumua upande wote wa kusini na kuezeka upya, mabati ya geji 28 (namba ikiwa ndogo bati ni nene, mimi nilidhani kinyume, nusura ninunue 32). Nimenunua mjini, yakavuka feri kwa mkokoteni, na pale katikati ya kivuko upepo ukaingia chini ya bati la juu, mimi na mwenye mkokoteni tukalilalia kifudifudi kama watu wanaokamata mbuzi wa Idi. Abiria wakafurahi sana. Fundi mpya amefunga mbao za paa kwenye ukuta kwa mikanda ya chuma, mwanzo hapakuwa na kitu, zilikaa tu kwa uzito wake. Misumari ni ile yenye kofia na washa ya mpira, yote mgongoni, na ukingoni tumeibananisha zaidi. Mabati ya zamani yaliyo mazima yameenda banda la kuku, sasa kuku wanalala vizuri kuliko mimi.

Mnazi ulioegemea jikoni nilitaka kuukata, mama akasema aliupanda babu, mazungumzo yakaisha. Mkwezi akapanda akaangusha makuti makavu na nazi zote zilizokomaa, ujira wake nusu pesa nusu nazi.

Mtaro ndio umenishinda nusu. Nimeuzibua, nimetoa chupa gunia mbili, lakini bamvua (maji makuu ya bahari) likijaa na mvua inyeshe saa hiyohiyo maji hayana pa kwenda, yanarudi. Kwa hivo nimeinua kizingiti cha mlango kwa matofali mawili na nimejaza magunia ya mchanga 12, yako nyuma ya choo.

Aprili, mwanzo. Gata ziko upande mmoja tu, pesa imeishia hapo. Upande huo ni kama mita 40 za mraba, milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita, kwa hivo mvua ya milimita 50 inajaza tanki letu la lita 2,000 pomoni. Mama ambaye hununua maji kwa mitungi hesabu hii ameipenda kuliko paa lenyewe.

Juzi usiku imenyesha ya kwanza ya maana, na upepo wa kusini ndani yake. Nikazunguka na tochi vyumba vyote. Kukavu. Nikaingia jikoni nikakanyaga maji, yanapita kwenye fremu ya dirisha ambalo sikuligusa kabisa. Sufuria iko pale chini. Jumamosi naja na silikoni.