Roma ilipopigwa mnada: hesabu za mwaka 193

Mnada wa tarehe 28 Machi 193 husimuliwa kama kichekesho: walinzi wamemuua kaizari, kisha wanauza kiti chake kwa mwenye dau kubwa. Kichekesho ni kweli, ila hesabu zake ndizo zinazoonyesha Roma ilivyopokezana madaraka.

Roma haikuwa na sheria ya kurithi kiti. Augustus, kaizari wa kwanza, alijifanya hakuna ufalme, na pasipo ufalme hakuna mrithi. Kilichobaki ni desturi: uwe mwana wa kaizari, wa damu au wa kuasiliwa, Seneti, baraza la wakuu wa Roma, ikupigie kura, na walinzi wa Praetoria, kikosi cha kumlinda kaizari, wapate takrima. (Neno hili tunalijua vizuri huku kwetu.) Kaizari Claudius aliahidi sestersi (sarafu za Kirumi) 15,000 kwa kila mlinzi mwaka 41. Mwaka 161 Marcus Aurelius na Lucius Verus wakatoa 20,000. Ili kupima uzito wake, askari wa kawaida wa legioni, yaani kikosi kikubwa cha jeshi la Roma, wakati huo alilipwa sestersi 1,200 kwa mwaka.

Usiku wa 31 Desemba 192 kaizari Commodus alilishwa sumu na suria wake Marcia. Akaitapika, basi mwanamieleka Narcissus akaingia kumnyonga. Laetus, mkuu wa walinzi, alikuwa ndani ya njama, na Pertinax, mwana wa mtumwa aliyeachwa huru, akapelekwa kambini kwa walinzi awe kaizari, akaahidi 12,000 kwa kila mmoja. Hazina aliikuta na sestersi 1,000,000, ambazo zingetosha askari 83 tu. Akauza mali za Commodus ili apate fedha. Kosa lake halikuwa ufukara wa hazina. Alisimama mbele ya Seneti akajigamba kwamba amewapa askari sawa na walivyopewa na Marcus na Lucius, hali wanaosikiliza wanajua tofauti ni 8,000 kwa kila kichwa. Tena alikuwa akiwabana nidhamu. Siku ya 87 wakamuua.

Sulpicianus, baba mkwe wa Pertinax, tayari alikuwa kambini akijinadi. Didius Julianus, seneta tajiri, akaja, akafungiwa lango, akabaki nje ya ukuta. Askari wakawa wanakwenda na kurudi: huyu wa ndani anatoa kiasi hiki, wewe unaongeza ngapi? Sulpicianus alifika 20,000 akipanda kidogo kidogo. Julianus akaruka 5,000 kwa mkupuo, akipaza sauti na kuonyesha kwa vidole. Alikuwa na hoja nyingine kali kuliko fedha: mkwe wa marehemu akitawala, atalipiza kisasi. Kwa 25,000 wakamwingiza ndani.

Bidhaa aliyoinunua haikuwa mali ya wauzaji. Walinzi walishika jiji la Roma na Seneti yake, basi. Majeshi ya mipakani yalikuwa na majemadari wao: Pescennius Niger huko Siria, Clodius Albinus Britania, na Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, aliyetangazwa kaizari Carnuntum kwenye mto Danube tarehe 9 Aprili. Kati ya hao watatu, Severus ndiye aliyekuwa karibu zaidi na Italia, na hilo lilimfaa kuliko kitu kingine chochote. Alijitangaza mlipiza kisasi wa Pertinax, akamtuliza Albinus kwa cheo cha Caesar, yaani kaizari mdogo, ili asipigane pande mbili, kisha akashuka haraka. Julianus alijaribu kuchimba mahandaki, kutuma wauaji, hata kutumia tembo wa vitani, ambao waliwatupa wapandaji wao. Mwishowe akamwomba Severus watawale pamoja. Seneti ikamhukumu kifo baada ya siku 66. Cassius Dio, seneta wa wakati huo, ameandika kwamba Julianus aliuliza: nimetenda ubaya gani? Nimemuua nani?

Severus aliwaita walinzi wa zamani nje ya jiji wakiwa na mavazi ya sherehe, bila silaha, akawazungushia jeshi lake na kuwafukuza. Nafasi zao akawapa watu wa legioni zake. Hao nao wakadai sestersi 10,000 kila mmoja, kwa hoja kwamba waliomwingiza Octavianus (ndiye Augustus wa baadaye) Roma zaidi ya miaka 200 nyuma walipewa hizo. Akawapa 1,000, sehemu moja ya 25 ya dau la Julianus, wakatulia.