Krenki ya EJ20 ya kawaida ndani ya injini yangu ya turbo

Subaru Forester hii niliinunua ikiwa injini inagonga, na bei yake ilikuwa ya gari linalogonga. Injini ni EJ205, yaani EJ20 ya Subaru ya lita 2 yenye turbo. Tulipoifungua, beringi ya konrodi moja (mkono unaounganisha pistoni na krenki) ilikuwa imesagika na kuitafuna krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, kiasi kwamba ukipitisha ukucha unakwama. Pale Kirinyaga Road, mtaa wa vipuri Nairobi, krenki safi ya turbo ilikuwa adimu na ghali, ilhali EJ20 za kawaida, zisizo na turbo, zimejaa tele. Karibu kila mtu aliniambia jambo moja: nunua nusu injini ya kawaida, yaani bloku na krenki na pistoni zake bila hedi, funga hedi zako za turbo juu, endesha.

Sikukubali, na sababu ni pistoni. Za turbo zimechimbwa kichwani, na mbano wake, yaani hewa inabanwa mara ngapi, ni 8 hadi 9 kwa 1. Za kawaida hufika karibu 10 kwa 1. Ukirundika hewa ya turbo juu ya mbano huo, joto linapanda, mafuta yanajilipukia kabla ya wakati, na kinachovunjika kwanza ni ule ukingo mwembamba kati ya ringi na ringi. Magari ya aina hiyo hutembea vizuri tu, mpaka siku mwenyewe atakapopanda mlima wa Limuru na abiria wanne.

Krenki ni habari nyingine. Injini zote mbili zina silinda ya milimita 92 na pistoni inayosafiri milimita 75, kwa hiyo krenki ya kawaida inafaa. Cha kuangalia ni beringi inayoizuia krenki isicheze mbele na nyuma, ambayo mabega ya krenki huikalia: EJ za zamani wameiweka katikati, nafasi ya tatu, na zilizofuata wakaihamishia ya tano, nyuma kabisa. Nilipompelekea fundi krenki ya kwanza niliyoipenda, hata hakuishika.

"Mzee, si hii iko sawa?"

"Hesabu kutoka mbele, kijana. Mabega yako wapi?"

Yalikuwa kwenye ya tatu, na bloku yangu inataka ya tano. Nikairudisha dukani, nikachukua nyingine.

Konrodi tatu zangu zilikuwa nzima. Ya nne tuliitoa kwenye injini ya turbo iliyopasuka bloku, tukazilinganisha zote kwenye mizani. Gia ya mbele yenye meno yanayosomwa na sensa ya krenki nilibaki na yangu. Pampu ya oili nilinunua mpya ya turbo, yenye rota ya milimita 10, kwa sababu za injini za kawaida huwa na rota nyembamba na turbo nayo inataka oili yake. Kipoza oili nilikitupa. Chuma kikishasagika hujificha humo, na hakuna kuosha kunakokitoa chote.

Kufunga Subaru ndiko kulikonifurahisha kuliko yote. Konrodi zinafungwa kwenye krenki kwanza, krenki inalazwa kwenye nusu ya bloku, nusu ya pili inaifunika, na pistoni zinaingia mwisho. Unazungusha krenki taratibu hadi tundu la konrodi lilingane na dirisha dogo la bloku, kisha unasukuma pini kupitia hapo na kuvalisha kiringi chake cha kuizuia kwa koleo ndefu. Kikikuponyoka kikaanguka ndani, umeumia. Mzee alikuwa amefunga kila upenyo kwa kitambaa.

Kabla ya kuiwasha tulichomoa sensa ya krenki tukapiga stata kwa vipindi hadi taa ya oili ikazima. Oili ya kwanza niliimwaga mapema, nikaukata mkebe wa filta na kuikunjua karatasi yake juani. Hakukuwa na chembe inayong'aa.

Kuna jamaa ameniuliza kama anaweza kufanya kinyume, atie pistoni zangu za zamani kwenye Impreza yake isiyo na turbo. Zitaingia. Ila mbano utashuka, na hapa Nairobi, takribani mita 1,700 juu ya bahari, injini isiyo na turbo tayari inapumua kwa shida. Nimemwambia aniachie pistoni zangu.