Siku ya kuigawa pakeji: kutoka ofisini Kisumu

Saa mbili asubuhi. Nimeshuka matatu ya Kondele, nimepanda ngazi za ofisi Oginga Odinga Street, na chai bado ya moto. Ujumbe wa kwanza ni wa sauti, kutoka kwa mzee wa agroveti kule Ahero: "Kijana wangu, programu yako imemaliza bando yangu yote na bado inavuta vitu. Mimi nataka risiti tu."

Ana haki. Laptopu yake ya mtumba inatumia Debian, mfumo endeshi wa aina ya Linux, na intaneti ni ya simu. Programu yangu ya duka ni pakeji moja, yaani fungu la faili linalowekwa kwa pamoja, nayo inamvutia maktaba za msimbo za kuchora grafu, pamoja na TeX Live, programu ya kupanga kurasa, kwa ajili ya ripoti ya mwaka. Ukiichukua TeX Live nzima, hizo ni gigabaiti kadhaa.

Saa tatu. Mwenzangu anasema nimwambie mzee aongeze --no-install-recommends kwenye amri ya kuweka programu, yaishe. Ni kweli, tangu Debian 5.0 ya mwaka 2009 apt, chombo cha Debian cha kupakua na kuweka pakeji, huvuta hata vile vinavyopendekezwa tu, na nyongeza hiyo huvizuia. Lakini muuza mbolea hatakariri kistari hicho chote, wala sioni kwa nini akariri. Jina la pakeji lenyewe ndilo limwambie anachopata. Tunakubaliana kuigawa mara mbili: duka-msingi na duka-ripoti.

Saa nne hadi saa saba ndiyo kazi yenyewe. Kila kipengele nakiuliza: bila wewe, duka litafunguliwa kesho? Mauzo, stoku na risiti vinabaki. Grafu zinahamia duka-ripoti. Nakala ya akiba kwenye flashi tumeibishania sana, kwa kuwa wengi hawaigusi. Nimeibakiza, maana siku laptopu ikifa hakuna atakayeanza kutafuta pakeji ya ziada. Skana ya msimbo pau niliidhania nzito, kumbe zile za kawaida za USB huandika namba kama kibodi tu. Haihitaji maktaba yoyote.

Chakula: samaki, ugali, haraka.

Saa nane. Sasa wateja wa zamani. Wakisasisha wasikute grafu zimepotea, kwa hiyo jina la zamani, duka, linabaki pakeji tupu inayoziita zile mbili. Tena dpkg, inayofanya kazi yenyewe ya kuweka pakeji chini ya apt, haikubali pakeji mpya iandike juu ya faili inayomilikiwa na nyingine. Faili zimehama, basi pakeji zote mbili mpya lazima zitangaze Breaks (haipatani na) na Replaces (inachukua faili za) dhidi ya matoleo ya zamani ya duka, la sivyo usasishaji unakwama katikati.

Saa kumi. Mvua, stima imeenda, betri ipo. Nashughulikia kitufe cha grafu kwa aliyeweka msingi pekee. Mwenzangu anataka kifichwe. Nakataa: kitu kisichoonekana hakiombwi. Kinabaki, na kikibonyezwa kinasema, "Grafu hazijawekwa kwenye kompyuta hii. Weka duka-ripoti." Afadhali hivyo kuliko ImportError nyekundu, ile hitilafu ya maktaba kukosekana, mbele ya mteja.

Saa kumi na moja na nusu. Mzee amefuta ya zamani, ameweka duka-msingi, anapiga simu.

"Imeingia upesi. Sasa ile picha ya rangi ya mauzo ya mbegu za mpunga iko wapi?"

"Hiyo iko kwenye duka-ripoti, mzee."

"Aya. Jumamosi nakuja tao, utaniwekea kwa WiFi yako."