Tone la mafuta chini ya bomba la moshi

Nilikuwa ninajifunza ufundi wa ndege mjini Goma, katika miaka ile ambayo lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilikuwa bado imefunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia, nilipokabidhiwa ndege ndogo aina ya Cessna 206 yenye turbo (kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa zaidi), iliyodondosha mafuta kila asubuhi kutoka kwenye bomba la moshi. Ikiwashwa, ilifuka moshi mzito kwa dakika chache, kisha ikatulia. Turbo ilikuwa imekwisha kubadilishwa kwa gharama kubwa, na mafuta yakarudi kuvuja vilevile.

“Mzee, sili za turbo zimekufa tena, hazizuii mafuta,” nilimwambia fundi mkuu.

“Mwanangu, hizo ni pete za chuma, kama za pistoni. Hazizuii mafuta yaliyotuama. Jiulize kwanza yamefikaje pale usiku, injini ikiwa imezimwa.”

Turbo ile ilikaa chini, kwa hiyo mafuta yake hayakuweza kurudi yenyewe kwenye karteri, yaani sehemu ya injini inayokusanya mafuta. Yalinyonywa na pampu, nayo husimama injini inaposimama. Ndiyo maana kwenye njia ya kuingilia kuna vali ndogo ya springi, tuliyoiita klape, ambayo hujifunga presha ikishuka. Isipojifunga, mafuta yaliyo juu hushuka polepole usiku kucha, yakajaza kiini cha turbo na kupenya kwenye pete hadi kwenye bomba la moshi.

Jioni ile, baada ya kuhakikisha kwamba pampu na njia ya kurudishia mafuta ni nzima, tulifungua klape kutoka kwenye turbo, tukaiacha kwenye bomba lake la mpira, mdomo ukielekea ndani ya kopo tupu la nyanya. Asubuhi tulikuta mafuta meusi, kina cha vidole viwili. Mzee aliifungua klape juu ya gazeti, akanionyesha kwa ncha ya bisibisi punje ya kaboni, ndogo kama mbegu ya lengalenga, iliyokwama pale inapofungia. Naamini ilitokana na mafuta yaliyoungulia ndani, kwa maana rubani alizoea kuzima injini mara tu anapoegesha, turbo ikiwa bado ya moto sana.

Nilitaka kuiosha na kuirudisha. Mzee alikataa katakata, akaagiza mpya. Asubuhi iliyofuata baada ya kuifunga, alipitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba, akanikabidhi bila kusema neno: masizi makavu tu. Ile turbo ya kwanza, tuliyoilaumu bure, ilikuwa bado rafuni.