Siku yangu na ng'ombe wa Mwakirunge

Saa kumi na moja alfajiri, adhana haijaisha, simu inalia. Ni mama mmoja wa Mwakirunge, "Daktari, ng'ombe wangu hataki kula, macho yanamtoka machozi, maziwa hata kikombe hakijai." Mimi mtu wa maabara ya mifugo tu, lakini huku Kisauni ukishika sindano ushakuwa daktari. Namuuliza, mama, ushamdunga kitu? Kimya. Nikajua.

Saa moja na nusu mahamri na mbaazi pale Kongowea, halafu boda.

Saa tatu niko zizini. Joto 41.3, na ng'ombe mzima hata 39 na nusu hafiki. Nampapasa chini ya sikio, tezi imevimba kama limau, na nyingine mbele ya bega. Ndani ya masikio kupe wa kahawia wamebanana kama abiria wa Likoni feri. Nauliza mkojo, wasema wa kawaida, ungekuwa kama chai ya rangi iliyokolea ningewaza mkojo damu, ugonjwa mwingine wa kupe. Kichwa changu chasema ndigana kali, homa mbaya inayoletwa na kupe hawa wa masikioni, ila kichwa hiki kishaniaibisha, kwa hivyo nachukua damu ya ncha ya sikio na pia maji ya tezi kwa sindano. Watu wengi huchukua damu peke yake na hapo ndipo wanapopotea, kwa sababu ng'ombe aliyewahi kupona ndigana hubaki na vijidudu vichache kwenye chembe nyekundu na yuko fiti kabisa, ukiviona ukashangilia utatibu ugonjwa ambao haupo. Ushahidi wenyewe uko kwenye tezi, ndani ya chembe nyeupe.

Slaidi, vile vioo nilivyopaka damu na maji ya tezi, nazipunga zikauke na kufukuza nzi, maana wanailamba damu yote hao, si utani.

Mama ndo akafunguka, jirani alimdunga OTC juzi, ile antibayotiki ya oksitetrasaiklini. Sasa dawa hiyo haiiwezi ndigana kali ikishakolea, lakini ndigana baridi, ugonjwa mwingine wa kupe, inaificha, kwa hivyo hata nisipoiona hiyo baridi siwezi kuapa haipo. Nilikasirika lakini utamgombeza nani, ni mama wa watu na ng'ombe ni mmoja.

Saa saba maabara. Slaidi kwenye methanoli, kisha rangi ya Giemsa nusu saa, na stima ikapotea papo hapo. Nikatoa ile maikroskopu ya zamani yenye kioo nikaiweka dirishani, jua la Mombasa angalau lifanye kazi ya maana.

Saa tisa na kitu nikaviona vijidudu vya ndigana kali, ndani ya chembe nyeupe zilizovimba, vidoadoa vya zambarau kwenye bluu. Nikampigia mama: buparvakwoni, dawa ya ndigana kali, leo hii, si kesho, dawa hii ikichelewa haisaidii sana. Akauliza bei. Nikamtajia, akanyamaza kuliko asubuhi.

Saa moja usiku ng'ombe ameshadungwa, mwanawe ndo kanitumia meseji. Kesho kutwa narudi na kipimajoto, homa isiposhuka anapigwa ya pili. Na yule jirani nasikia anadai nimemharibia jina.