Kasha la albamu lililoanza na majina

Msanii aliyeniletea kazi hii anaimba kwa Kiswahili na Kiha, anajisimamia mwenyewe, na albamu ameirekodi hapahapa Kigoma kwa fedha alizodunduliza kwenye harusi na sherehe za kuwaaga mabinti. Alitaka kasha la kushikika mkononi siku ya uzinduzi, kitu ambacho baadaye angeweza kukiuza Mwanga, Ujiji, Mwandiga na hata kukipeleka Kasulu.

"Dada, nipigie kava kali kwanza, mengine tutajaza," aliniambia.

"Mdogo wangu, niletee kwanza majina."

Alinishangaa kidogo. Nimefanya kazi za grafiki muda wa kutosha kujua kinachotokea wimbo ukishatoka studio. Ukirushwa WhatsApp, au ukiingizwa kwenye flashi ya dereva bodaboda, kinachobaki ni jina la faili, na mara nyingi hata hilo lina jina la tovuti ulikopakuliwa. Aliyepiga besi hayupo. Akina mama walioitikia hawapo. Mzee aliyepiga ngoma, ambaye bila yeye ule wimbo ungekuwa kama wa mtu yeyote wa mji wowote, naye hayupo. Kasha ndiyo sehemu pekee iliyobaki ambapo watu hawa wanaandikwa wakaonekana, kwa hiyo nilikataa kuanza na picha halafu majina yabanwe kwenye kona itakayosalia.

Tulikaa na prodyuza tukapitia wimbo mmoja mmoja: nani katunga mashairi, nani sauti, nani kapanga ala, nani kapiga nini, nani kaitikia, nani kachanganya sauti. Kila mtu tuliyempata tulimwuliza mwenyewe jina lake linaandikwaje na angependa litokee vipi. Wapo waliotaka jina la utani linalojulikana mtaani, wapo waliotaka jina kamili la ukoo. Mzee wa ngoma alitaka jina la baba yake liwemo, tukaliweka. Kwa wimbo mmoja ambao msanii aliupokea kwa bibi zake, nilimshauri asijiandike mtunzi. Tukaandika kuwa ni wimbo wa jadi wa Waha, na yeye ameupanga upya. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyoanzisha COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kwamba kazi ni yake. Orodha yetu ikatumika moja kwa moja aliposajili nyimbo huko, maana kila kilichohitajika kuhusu watunzi kilikuwa kimeshaandikwa.

Ndipo tukaingia kwenye umbo. Swali la kwanza lilikuwa kama sahani ya CD bado ina maana. Kompyuta nyingi mpya hazina pa kuitia, na vijana hawana deki. Lakini wazee wanazo, baadhi ya magari bado yanazo, na mtu aliyekuja kwenye uzinduzi anapenda kuondoka na kitu. Tukaamua kasha libebe CD pamoja na kadi ndogo yenye msimbo wa QR, unaomfikisha msikilizaji kwenye nyimbo zote mtandaoni. Kasha la plastiki niliondoa mapema. Linavunjika njiani, na linaongeza gharama ya kitu ambacho hakina jina la mtu yeyote.

CD ina kipenyo cha milimita 120. Bahasha yake ya karatasi ngumu inatosha ikiwa na milimita 125 kwa 125. Ukiifungua ikalala bapa, unapata ubavu wa mbele na wa nyuma, jumla milimita 250, na upana wa milimita 149 ukihesabu masikio mawili ya gundi ya milimita 12 kila moja. Hapa karatasi ya A3 yenye milimita 297 kwa 420 inakuwa rafiki mkubwa. Ukizipanga bahasha mbili sambamba kwenye upande mrefu, pamoja na ziada ya rangi ya milimita 3 kila upande kwa ajili ya kukata, zinaingia vizuri, na unabakiwa na ukanda wa pembeni. Huo ukanda wengi huutupa. Mimi niliujaza kadi nne za QR. Kila karatasi moja ikatoa makasha mawili na kadi nne: mbili zikaingia ndani ya makasha, mbili zikauzwa peke yake kwa bei ya chini kwa wasiohitaji CD. Kwa msanii anayejilipia kila shilingi, mpangilio wa karatasi ni sehemu ya ubunifu sawa na fonti.

Ubavu wa nyuma wote niliutoa kwa nyimbo na majina. Chini ya kila wimbo pana watu wake, kwa herufi za pointi 7, na sikukubali kushuka chini ya hapo. Herufi nyeupe juu ya picha ya rangi nyingi hupendeza kwenye skrini, lakini zikiwa ndogo wino huziziba, jina likasomeka nusu. Kwa hiyo nyuma kulikuwa na rangi ya mchanga iliyopauka na maandishi ya wino mweusi mtupu. Bakodi tuliiacha, kwa kuwa makasha haya hayakuwa yakienda supamaketi. Ya ukubwa wa kawaida inakula karibu milimita 37 kwa 26, na nafasi hiyo wakaingia waitikiaji wote, kila mmoja kwa jina lake.

Ubavu wa mbele ulituletea mjadala mrefu. Msanii alitaka meli ya Liemba. Baadaye akasema basi mnara wa Livingstone pale Ujiji. Naiheshimu Liemba, ambayo Wajerumani waliishusha majini hapa Kigoma mwaka 1915, na kukutana kwa Stanley na Livingstone mwaka 1871 kila mtoto wa shule anakujua. Ila picha hizo mgeni hununua ili kuonyesha kwamba alifika, na nyimbo zenyewe hazisemi lolote kuhusu wageni. Zinasema juu ya watu wanaofanya kazi usiku. Nikapendekeza taa za wavuvi wa dagaa zilivyotapakaa ziwani, kama zinavyoonekana kutoka upande wa Kibirizi giza likishaingia.

Picha hiyo huipati siku unayotaka. Mbalamwezi ikiwa kali, dagaa hawafuati taa, na wavuvi wengi hupumzika. Tena kuna miezi ya kufunga ziwa, kama mwaka 2024 ambapo uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Tulisubiri giza la mwezi mchanga. Mpiga picha aliweka kamera kwenye kigoda cha miguu mitatu, akaacha lenzi wazi kwa sekunde kadhaa, na taa zikajichora juu ya maji.

Rangi ilinipa kazi zaidi ya vyote. Skrini huchanganya mwanga, mashine huchanganya wino, na bluu ya ziwa usiku ni miongoni mwa rangi zinazofifia au kuelekea zambarau zikihamia kwenye wino. Vivyo hivyo rangi ya mawese niliyoichagua kwa jina la albamu: kwenye simu inawaka, kwenye karatasi inapoa. Nilibadilisha faili kwenda rangi nne za uchapaji mapema kabisa, nikapunguza majenta, yaani wino wa waridi iliyokolea, kwenye bluu, nikachapa kipande cha majaribio kwenye karatasi ileile ya gramu 300, tukakitazama juani, nje ya duka. Taa ya dukani hudanganya.

Jambo jingine ni mikunjo. Karatasi nzito ikikunjwa dhidi ya nyuzi zake, rangi nzito hupasuka na mstari mweupe hujitokeza. Mkunjo wetu mkuu uko kati ya mbele na nyuma, kwa hiyo nililiacha lile giza la picha liishe taratibu kuelekea huko, likutane na rangi ya mchanga. Mstari wa mkunjo ulipigwa kwanza kwa kalamu isiyo na wino, kwa rula. Masikio ya gundi hayakuwekwa rangi ila ile ziada kidogo karibu na mkunjo, kwa sababu gundi hushika karatasi kuliko wino. Tulifanya kazi hiyo kiangazi, na nashukuru, kwani masika karatasi hujikunja yenyewe.

Kwa maduka ya mtandaoni nilitengeneza picha nyingine ya mraba, pikseli 3000 kwa 3000. Msanii aliomba namba yake ya simu ionekane hapo. Maduka hayo hukataa kava lenye namba ya simu au anwani ya tovuti, kwa hiyo namba ilibaki nyuma ya kasha pekee. Jina la albamu nililikuza hadi likasomeka hata picha ikiwa na upana wa kidole, kwani hivyo ndivyo wengi watakavyoiona.

Nilipomkabidhi kazi nilimwekea folda yenye faili la uchapaji ambalo herufi zake zimegeuzwa kuwa michoro, ili fonti zisibadilike kwenye kompyuta ya mtu mwingine, kava la mtandaoni, picha asilia, na orodha ya majina kwa maandishi ya kawaida yanayonakilika. Ile orodha ndiyo anayoitumia kila anapopandisha wimbo kwa msambazaji wa mtandaoni, anaijaza kwenye sehemu ya watunzi na wapigaji. Toleo la pili alilichapisha Dar es Salaam, likaja kwa basi, na mimi sikuhitajika hata kupigiwa simu.